Tonic ya Kichina aliyoletewa mama yangu na mgeni, na kwa nini nilikubali kuitwa mkorofi

Wakuu, salaam kwenu, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika. Hili sijasimuliwa na mtu. Limetokea sebuleni kwangu, hapa Gaithersburg, Marekani, na aliyekuwa hatarini ni mama yangu mzazi.

Mama aliwekewa vali ya bandia kwenye moyo. Tangu hapo anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Damu ikiwa nzito, vali inaweza kuziba. Ikiwa nyepesi mno, anavuja damu.

Sasa kuna Mama Upendo, dada yetu wa jumuiya, roho nzuri sana. Wenzake wa ofisini Arlington wamemwingiza kwenye mambo ya wellness: yoga, juisi za kijani, tonic za Kichina.

Kila Jumamosi anakuja kumjulia hali mama, na kwa mgonjwa huendi mikono mitupu. Akaleta chupa nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, eti inarudisha nguvu na balance.

Niseme kidogo hapa. Sina ugomvi na Wachina. Waganga wao humpima mtu kwanza ndipo wachanganye mizizi. Hii imetolewa kwenye rafu ya duka lililo jirani na darasa la yoga, anauziwa yeyote. Ingekuwa kwenye chupa ya soda iliyooshwa, kama dawa za mitishamba za mtaani kule nyumbani, Mama Upendo mwenyewe angeikimbia.

Basi, nikaona mikono ya mama ina mabaka ya damu iliyovilia. Akipiga mswaki, fizi zinatoa damu. Niliogopa sana. Nikampeleka kliniki siku hiyohiyo, damu ikakutwa nyepesi kupita kiasi.

Nesi akauliza kama kuna dawa nyingine anatumia. Mama akakana kabisa. Wala hakudanganya, maana kwake alichokuja nacho mgeni ni kinywaji, na kinywaji cha mgeni unakunywa na kushukuru.

Tuliporudi nikakuta chupa nyuma ya thermos ya chai. Nikasoma kilichomo: ginseng na dong quai, mizizi ya Kichina. Nikampigia mfamasia. Akasema hiyo dong quai ikikutana na dawa ya mama inaweza kumfanya avuje damu, aiache mara moja na kliniki wajulishwe.

"Mama, hii basi."

"Nitamwambia nini Mama Upendo? Anakaa hapo mpaka nimalize kikombe."

"Nitamwambia mimi."

"Utaniaibisha, mwanangu."

"Heri aibu kuliko msiba, mama."

Nikampigia Mama Upendo, nikamweleza kwa adabu.

"Lakini kaka, it's natural. Ni mizizi tu."

"Hata tumbaku ni natural, dada."

Akakata simu. Jumuiya nzima ikasikia kwamba nimefukuza wageni wa mama, kwamba Marekani imeniharibu. Iliniuma, siwafichi. Ila sikurudi nyuma hata hatua moja. Kliniki nikawajulisha, wakampunguzia dozi ya dawa yake kwa muda, wakampima tena na tena hadi damu ikakaa sawa.

Jumamosi moja kengele ikalia. Mama Upendo, hana chupa, kabeba fungu la matembele ya bustanini kwake. Akamkumbatia mama, akalia kidogo, tukamkaribisha chai.

Mama akayapokea yale matembele kwa mikono miwili, akanigeukia bila hata kutabasamu.

"Umempigia mfamasia?"

Tukacheka. Kisha nikapiga kweli. Kumbe majani ya kijani nayo yanagusa dawa ile. Ale, ila kiasi kilekile kila wiki, asipandishe na kushusha.

Mama Upendo akaitoa simu yake, akaniambia, "Nitumie namba ya huyo mfamasia. Mimi nina pressure, na ile tonic nakunywa kila asubuhi."

Wakuu, ukiulizwa unatumia nini, taja mpaka chai ya mgeni. Na ukiona mzazi anakunywa kitu kwa heshima tu, ingilia, wakuite watakavyo.

Wenye wazazi wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, huwa mnawaambiaje wageni? Karibuni, hata wa kunipinga.