Chemchemi Tuliyoizungushia Seng'enge

Naikumbuka siku ile ya kiangazi, mwanangu, mkoa huu ukiwa bado unaitwa Rukwa, bwana shamba alipotufikia Kabungu na lori la serikali. Alileta seng'enge, mifuko ya saruji, mabomba na miche ya miti. Ulikuwa mpango wa kuhifadhi vyanzo vya maji, na sisi tulikuwa na chemchemi moja tu, nayo ilikuwa inakufa. Ng'ombe walikuwa wakiingia mpaka kwenye jicho la maji, wanakanyaga na kukoroga, na kina mama wakija na ndoo zao wanakuta tope. Maelekezo yalikuwa mepesi. Tuizungushie chemchemi seng'enge, tupande miti ndani, na nje tujenge birika la saruji, maji yafike hapo kwa bomba ili mifugo inywe. Kipi kianze, bwana shamba alituachia wenyewe.

Vijana wenzangu walinichagua kuwa mwenyekiti wa kikundi. Ukimpa kijana cheo na seng'enge mpya kwa siku moja, unategemea nini? Tulifanya kazi kama watu wanaofukuzwa. Kabla ya wiki kwisha uzio ulikuwa umesimama, nguzo zimenyooka, lango lina kufuli, na ufunguo nimeuvaa shingoni kama medali. Birika tukasema litafuata. Sisi wakulima haja yetu ilikuwa maji safi, na hayo tulikwisha kuyapata. Saruji tukaifungia stoo.

Kesho yake mchana akaja Mzee Masanja na wanawe na kundi lake la ng'ombe. Masanja alikuwa Msukuma, amehamia kwetu na familia yake miaka michache nyuma, mtu mpole mwenye fimbo ndefu na maneno mafupi. Ng'ombe wakafika kwenye seng'enge wakasimama, wananusa maji yaliyo ndani. Nikamweleza, kwa heshima kabisa, kwamba birika bado, avumilie, kwa sasa awapeleke mtoni. Mto ulikuwa mbali, na jua la mwezi wa tisa unalijua. Katika kundi lile alikuwemo ng'ombe mmoja mweupe mwenye mimba kubwa, anatembea kwa kujivuta. Masanja alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Sawa, kijana wangu," akasema. "Lakini huyu hatafika."

Na kweli, wanawe walipogeuza kundi, yule mweupe alilala palepale akagoma kuinuka. Masanja akabaki naye, amemfunika kichwa kwa shuka lake. Nami, bila haya, nikarudi kupanda miche.

Hapo ndipo alipopita baba mkubwa, kaka wa baba yangu, akitoka kwenye shamba lake la mihogo. Alimsalimia Masanja kwa Kisukuma chake cha kuokoteza, akamwangalia ng'ombe, akaangalia kufuli. Hakunigombeza. Aliniambia tu nifungue lango nilete ndoo ya maji. Nilidhani ndoo moja ingetosha. Ng'ombe aliimaliza akiwa amelala vilevile, akainua kichwa akanitazama kama mgeni aliyekwisha nawa mikono anayeuliza ugali uko wapi. Nikaenda tena, na tena, mpaka bega likawaka moto. Baba mkubwa alikaa kwenye jiwe na mguu wake mbovu, hakunisaidia hata kidogo, mzee yule. Nampenda mpaka leo kwa kutonisaidia kule.

Nilipochoka nikaanza kujitetea. Nikasema sheria ni sheria, na ng'ombe hawa ndio walioiharibu chemchemi. Akanijibu taratibu kwamba ng'ombe hakorogi maji kwa dharau, anafuata kiu, na kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau.

"Serikali imekuletea kitu cha kumzuia jirani yako na kitu cha kumsaidia. Wewe umeanza na cha kumzuia. Cha kumsaidia umekifungia stoo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Jua lilipopoa yule ng'ombe aliinuka, miguu inatetemeka, akaenda zake polepole. Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunakoroga saruji, na vijana wa Masanja wakaja bila kuitwa, wakachimba mtaro wa bomba huku wakiimba nyimbo zao za kulima. Haikupita muda, maji yakaingia kwenye birika. Mweupe alizaa salama, na siku hiyo mama yangu aliletewa kibuyu cha maziwa.

Kiangazi cha mwaka uliofuata wakapita wafugaji wageni na kundi kubwa, wakataka kukata seng'enge. Mimi mwenyekiti nilikuwa Mpanda mjini, nakula chipsi. Aliyesimama langoni na fimbo yake ni Mzee Masanja. Aliwaambia, "Hapa hapapiti ng'ombe. Birika ni lile pale, nywesheni." Wakanywesha, wakaenda.

Sasa, mwanangu, nyie mnapata mbolea ya ruzuku kwa namba ya simu, na vijiji vyetu vinavyotunza misitu vinaletewa fedha za hewa ukaa. Jambo jema sana, mgeni njoo mwenyeji apone. Nasikia umeingia kwenye kamati ya msitu, na najua mtaanza na mabango, mipaka na doria, kwa sababu ndivyo vinavyopendeza mbele ya wageni. Nakuomba anza kwingine. Kabla hujamkataza mchoma mkaa, kaa naye, umuulize atakula nini. Muulize mfugaji atanywesha wapi, na mama atapata wapi kuni. Jibu la hao ndilo litangulie mtakapopanga matumizi ya fedha hizo, na katazo lifuate nyuma yake. Huwezi kuwa macho siku zote, mwanangu. Siku utakayokuwa mbali, msitu ule utalindwa na mtu uliyemkumbuka, au utakatwa na mtu uliyemsahau.

Basi nenda kwenye kikao chako na radhi zangu. Mungu akujalie mvua ya wakati wake, ghala lisiloishiwa, na majirani watakaosimama kwa ajili yako hata usipokuwepo.