Aliyenipiga Ndiye Aliyefuata PF3

Admin, nifichie jina ila uniposti hivi hivi, matusi yakija nitayabeba. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, tunalima mahindi na ulezi huku Mollo, Sumbawanga. Nina mume na watoto watatu. Wa mwisho ana miezi saba, nilijifungua kwa upasuaji.

Niseme ukweli, nilikuwa mkali. Jumuiyani akitajwa mwanamke aliyetoa mimba, mimi ndiye wa kwanza kusema serikali imfunge tu. Kilichomsibu sikuuliza. Kisha nikanasa mimba nyingine na mshono bado unavuta. Daktari alishanionya nisibebe haraka, lakini mume wangu alinikataza sindano ya uzazi wa mpango. Nikaenda Milanzi kwa mama mmoja, nikanunua dawa, nikaificha kwenye debe la ulezi. Siku nne nikawa naiangalia na kulia. Sikuinywa.

Mume wangu akaikuta alipokwenda kuchota ulezi wa kusaga. Akanifuata uani mchana kweupe. "Unataka kuniulia mwanangu?" Akashika mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilinipata begani, la pili mdomoni, meno mawili yakatoka. Nilipoanguka akanipiga mateke ya tumbo, tumbo hilo hilo alilosema lina mwanawe, watoto wanapiga yowe mlangoni. Alinikanyaga mpaka kanga ikalowa damu. Namchukia, Mungu anisamehe.

Hospitali wakanipokea, nesi akasema iletwe PF3, ile fomu ya majeruhi, kutoka polisi. Akatumwa nani? Mume wangu, kwa kuwa ndiye aliyenileta! Kituoni akaeleza kwamba nimekunywa dawa ya kutoa nikaanguka. Askari akaja hadi kitandani, mimba imeshatoka, akaniuliza, "Dawa ulipewa na nani?" Mdomo wangu uliovimba hakuuulizia.

Bado naamini mimba ni uhai, msinielewe vibaya. Lakini serikali hii imeijua mimba yangu siku ilipokufa. Ninayoitaka mimi ingemwambia mume wangu sindano haimhusu, na ingemkamata mtu kwa mateke yake kabla ya kunitafuta mimi na dawa ambayo hata sikuinywa.

Juzi baba mkwe alikuja. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba. Mwanangu, wewe sema ulianguka, naye ataifuta habari ya dawa, yaishe nyumbani. Ukimtaja mumeo, naye atashikilia kwamba ulikunywa dawa, mtafungwa wote wawili."

Jumatatu natakiwa kituoni kuandikisha maelezo. Nikisema yote, huenda watoto wakabaki bila baba wala mama. Nikisema nilianguka, narudi kitanda kimoja na mtu aliyeua mimba yangu kwa mguu wake. Ndugu zangu, hasa wanawake wenzangu, ingekuwa ni ninyi mngeandikisha lipi? Msichelewe kunijibu, maana mume wangu ameshaanza kuniuliza nitapona lini.