Maji ya Vyombo Yalipotokea kwa Fatouma

Tangu mkewe Amélie afariki, Mzee Népomuscène alikuwa amejifunza mambo ambayo wanaume wa umri wake pale mtaani Nyakabiga hawajifunzi mpaka msiba uwalazimishe: kuchambua maharage, kuunga mboga ya lengalenga kwa mawese, kuosha masufuria. Alikuwa karani mstaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi, na masufuria ndiyo yaliyompa fahari. Aliyasugua kwa majivu na mchanga, kama alivyomwona mama yake akifanya kijijini, mpaka yang'ae. Kisha alifungulia maji kwenye lavabo, lile sinki la jikoni, na kuacha kila kitu kiende zake.

Wala si yeye peke yake. Mji wetu unajenga lavabo nzuri na kuzipamba kwa vigae, lakini hakuna anayejisumbua kumwambia mtu kinachoendelea baada ya lile tundu la kutolea maji.

Bomba la Mzee Népomuscène lilipita chini ya ukuta, likakatiza ua wa Fatouma, jirani yake wa upande wa chini, ndipo likamwaga kwenye mtaro wa barabarani. Lavabo ilipoanza kuzubaa, maji yakishuka kwa shida, alichemsha birika na kumimina. Maji yakashuka mbio. Alifurahi, na kila yalipozubaa tena alichemsha tena. Hakujua kwamba mawese yaliyoyeyuka jikoni kwake yalikuwa yakipoa njiani, yakiganda pamoja na majivu na mchanga palepale kwa Fatouma.

Ijumaa, mwana wa Fatouma, Uthmani, alisimama mlangoni bila kuketi.

"Mzee Népo, maji yako ya vyombo imefika kwetu. Inatokea kwenye kashimo ka bomba, pale tunachukulia udhu. Siku ya Mungu, keshokutwa, tuna akika ya mutoto wangu. Watu watatawaza wapi, mu mafuta? Kama kesho haijaisha, mi naziba hii tiyo ya maji yako na simenti."

Kijana hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililomuuma mzee. Simenti haikumtisha sana. Maji angeweza kuyabeba kwa ndoo. Alichoogopa ni ule mlango wa jirani. Wakati wa kiriyo, zile siku za matanga ya Amélie, wageni walipokwisha kutawanyika na nyumba ikabaki na viti vitupu, Fatouma ndiye aliyekuwa akipitisha sahani iliyofunikwa kitambaa, kila jioni, bila kuuliza kama ana njaa. Mtu wa namna hiyo ukishammwagia uchafu mahali pa ibada, unaingiaje tena kwake?

Jumamosi asubuhi mzee aliingia uani kwa Fatouma na ndoo mkononi, mikono ya shati imekunjwa.

"Karibu, mwenye ziwa," Fatouma alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Tanganyika yote imehamia kwangu."

"Mama Uthmani, nisamehe."

"Kwanza tuone. Kusamehe iko baadaye."

Uthmani aliinua kifuniko cha kile kishimo. Ndani mlikuwa na bonge la rangi ya chungwa, gumu, limeziba mdomo wa bomba la kutokea. Fatouma alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akamega kipande kwa upawa mbovu, akakivunja.

"Mawese. Majivu. Muchanga. Mzee, we unajenga nyumba humu ndani?"

"Ni masufuria. Nasuguaka vizuri sana."

"Amélie alikuwa anasugulia wapi?"

Mzee alifikiri. Akamwona mkewe amechuchumaa nyuma ya nyumba na beseni lake, miaka yote ile, huku yeye amekaa barazani anasikiliza redio.

"Kwenye migomba," alisema polepole. "Nilidhani anapenda kivuli."

Fatouma alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Uthmani, aliyekuwa amenuna tangu jana, aligeuza uso pembeni kuficha kicheko.

Wakaanza kazi. Walichota bonge lile kwa upawa na kulitia ndooni, likafukiwe. Uthmani alileta waya wa breki ya baiskeli, akaukunja ncha kama ndoana. Mzee alipiga magoti na shati lake la pasi, akauingiza.

"Usisukume kwa nguvu," Fatouma alimwonya. "Utakaza. Zungusha, halafu vuta."

Alizungusha, akavuta. Vipande vilitoka, vingine vikubwa kama ngumi. Uthmani alifunga mpira wa shambriyeri, ule wa ndani ya gurudumu, kwenye ncha ya mti, wakasukasuka maji mdomoni mwa bomba kwa zamu. Bonge lilipokwisha kutoka lote, ndipo wakamimina maji ya moto yenye sabuni ya unga, na nyuma yake ndoo kwa ndoo za maji baridi, ili mafuta yaliyobaki yasipate pa kulala. Bomba lilikoroma, likanyamaza, kisha likayanywa yote.

"Sasa sikia," Fatouma alisema akinawa. "Sufuria ya mafuta unaipanguza kwanza na jani ama karatasi. Majivu yanaenda kwenye migomba. Kwenye tundu unaweka kipande cha chandarua ya zamani, ikamate punje. Na kila juma unamwaga ndoo nzima mara moja, isukume. Ni hayo tu. Apana na dawa ya dukani."

Jumapili wageni walijaa uani. Walitawadha mmoja baada ya mwingine, na maji yakaenda zake kimya. Mzee Népomuscène alikula pilau na wanaume, akaombewa dua pamoja na mtoto. Lakini walipoanza mazungumzo ya siasa, alinyanyuka, akaenda nyuma walikokaa wanawake na masufuria. Aliokota jani kavu la mgomba, akaanza kupanguza mafuta.

"Mzee, toka huku," mmoja alisema. "Hapa ni pa wamama."

"Muacheni," Fatouma alisema. "Siku hizi anajua."

Alipanguza sufuria ya kwanza, akaiweka chini.

"Mama Uthmani, asante."

"Ya tiyo? Ilikuwa yetu wote."

"Ya sahani. Zile za wakati wa kiriyo. Sijawahi kukwambia."

Fatouma alivuta sufuria kubwa kuliko zote, iliyokuwa na ukoko wa pilau, akamsogezea, kisha akavuta kigoda chake akaketi kando yake.

"Anzia pembeni," akamwambia. "Amélie alikuwa anaanzia pembeni."