Mama Aliyeachwa Shamba la Maboga

Wifi yangu Merrilee ni mtu wa kuharibu siku nzuri kwa ratiba. Anafanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno huku kwetu Ohio, na nadhani huko ndiko alikojifunza kutaka watu wakae kama meno: wamepangwa, weupe, wanachekacheka tu. Kila mwaka, wikendi ya mwisho kabla ya Halowini, sikukuu ya maboga, mavazi ya kuigiza na pipi, anatutumia ratiba. Mwaka juzi ilikuwa kurasa mbili. Ijumaa jioni, kuchonga maboga. Jumamosi saa tatu asubuhi, shamba la maboga la mzee Verl Stutzman. Saa nane mchana, gwaride la mavazi mtaani. Saa kumi, uwanja wa magari wa kanisa, ambako watu hupamba buti za magari yao na watoto hupita wakichota pipi. Jumapili, picha za familia. Chini kabisa aliandika kwa herufi nyekundu: "Mavazi ni LAZIMA. Mwaka huu sisi ni nyuki."

Malkia alikuwa yeye, nani mwingine? Kaka yangu Lyle, mwanamume mwenye mwili wa kubeba friji peke yake, alivalishwa suruali ya njano ya kubana na mabawa mawili ya wavu, na hakusema neno. Lyle aliacha kusema neno mwaka aliooa. Binti zao, Brynn na Sutton, walikuwa nyuki wadogo. Mimi nilikuwa ua la alizeti.

Na mama yetu, Opal, mwenye miaka sabini na saba, alikuwa mzinga. Merrilee alikuwa amechukua mpira wa kumwagilia bustani, akaukata pete kubwa kubwa, akazishonea kwenye kitambaa cha kahawia, juu pana, chini pana, katikati pana zaidi. Mama alipovishwa, hakuweza kukaa.

"Merrilee, mwanangu, nikibanwa na mkojo nifanyeje?"

"Utaenda kabla hatujatoka, mama. Nimeweka choo saa tatu kasoro robo."

"Umekiweka?"

"Kiko kwenye ratiba."

Kisha akamnyang'anya simu. Eti inatokeza mfukoni, itaharibu umbo la mzinga. Akaitia kwenye mkoba wake.

Niwaambie kidogo habari za mama. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja, barafu, ukungu na watoto wa kutapika. Kila alipomaliza njia yake alitembea hadi kiti cha nyuma kabisa akiinama kila safu, aone kama kuna mtoto amelala. Hakuwahi kumsahau hata mmoja. Mwanamke wa namna hiyo ndiye ambaye Merrilee alimsafirisha Jumamosi ile akiwa amesimama ameinama kwenye gari langu la mizigo, kama kabati linalohamishwa.

Shambani tulipigwa picha kwa saa mbili. Kando ya maboga, juu ya maboga, nyuma ya maboga. Sutton, mwenye miaka sita, alitaka kuingia kwenye vichochoro vilivyokatwa ndani ya shamba la mahindi.

"Hapana, kuna matope."

"Basi nichague boga."

"Hilo limepinda, mpenzi. Chukua lile la duara."

Mtoto akalia, Merrilee akamfuta uso, akampiga picha. Kisha akanigeukia. "Wifi, jitahidi basi. Ua lako limeshanyauka na hata mchana haujafika."

Nikasonya moyoni, nikatabasamu mdomoni. Ndivyo ninavyoishi na wifi yangu.

Saa tano na robo akaangalia saa, akapiga kelele kwamba tumechelewa. Watu wakakimbilia magari. Wao wakaingia kwao, mimi nikaingia kwangu, tukaondoka.

Ningependa kusema nilidhani mama yuko kwa Lyle. Ndivyo nilivyowaambia wote baadaye. Ukweli ni kwamba sikudhani chochote. Nilikuwa nikiendesha huku nikimtukana Merrilee peke yangu kwa sauti, na nilikuwa nikifaidi.

Tukala chakula cha mchana, kila mmoja kwake. Tukaenda gwaride. Merrilee alipunga mkono mtaa mzima kana kwamba watu wametoka nyumbani kwa ajili yake, nyuma yake Lyle akivutavuta suruali. Tukaenda kanisani, tukapamba buti ya gari kwa karatasi za njano. Na saa kumi na nusu, alipotupanga kwa ajili ya picha, wifi yangu akasimama, akakunja uso akitazama pengo la katikati.

"Mzinga uko wapi?"

Nawaapia, ndivyo alivyouliza. Hakusema mama yuko wapi. Mzinga.

Lyle akanitazama, nami nikamtazama yeye. Akaipiga simu ya mama. Ikalia ndani ya mkoba wa Merrilee.

Tulirudi shambani wote kwenye gari moja. Merrilee alikuwa akilia, akijipepea macho ili wanja usichuruzike. "Jamani, watu watanionaje?" alisema. Lyle, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne, akamwambia mkewe, "Nyamaza."

Jambo la kwanza tuliloliona langoni ni ule mzinga, umetundikwa kwenye nguzo ya ua, upepo ukiuchezea. La pili ni trekta, likivuta tela la nyasi kavu lililojaa watu wanaoimba. Kwenye usukani alikaa mama, ndani ya koti la mzee Verl, mikono ya koti imekunjwa mara tatu.

Verl mwenyewe alitusimulia. Dereva wake alikuwa ameteguka mgongo saa sita kasorobo, na foleni ya wateja ilifika barabarani. Mama alikuwa amekaa kwenye boga kubwa, tayari amejivua yale mapete. Akamwambia, "Verl, nimewabeba watoto sitini kwenye theluji. Nipe ufunguo."

Mama alishusha abiria, akateremka taratibu. Merrilee akamkimbilia mikono wazi, mabawa yakimpiga mgongoni.

"Mama! Tumekutafuta kila mahali!"

"Hamkunitafuta popote. Mngenitafuta, mngeanzia hapa mliponiacha."

"Ni fujo tu za siku, mama. Twende, upumzike. Kesho saa nne tuna picha."

"Kesho nina safari kumi na mbili. Verl ameniajiri hadi mwisho wa mwezi."

"Lakini umeshachaguliwa nguo!"

"Mvalishe boga," mama akasema. "Boga halibanwi na mkojo."

Brynn akacheka hadi akaketi chini. Kisha mama akanigeukia mimi.

"Na wewe, Nadine?"

Basi, hayo tu. Saa tano nzima nilikuwa na mdomo wa kumsema Merrilee, na sikuwa na jicho la kumtafuta mama yangu.

Watoto walivua mabawa, wakapanda tela. Merrilee akajifuta machozi, akatoa simu, akampiga mama picha kwenye trekta, na kabla hatujatoka langoni alikuwa ameitangazia dunia kwamba amemwandalia mama mkwe wake siku ya kipekee. Watu mia mbili wakampongeza.

Jumapili sikwenda kwenye picha. Nilikwenda kwa Verl nikiwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Mama hakunipa nafasi. Alinikabidhi uma wa nyasi, akaniambia nisawazishe tela, nikalisawazisha hadi viganja vikatoka malengelenge. Mapumziko tulikaa kwenye ngazi ya ghala tukila donati za moto.

"Umenenepa," akaniambia, akinisogezea donati nyingine.

Akajipangusa sukari, akaenda kupandisha watu wake kwenye tela.