Sahani ya Baba Katika Lubunga

Enzi zile za pamba, sisi watoto wa Fizi hatukuwa na midoli, lakini malundo ya pamba yalikuwa uani, meupe, yenye joto la jua, nasi tulijitupa humo mpaka mbegu zikajaa kwenye nywele. Jioni mama alinichambua kichwa huku akigomba. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani kutoka mji wa Baraka, tukashiba, tukalala. Wajukuu zangu leo simu ikizimika tu wanalia kama wamefiwa.

Baba alikuwa kapita wa pamba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba ya Lubondja na vijiji vya jirani, kuangalia nani hajapalilia, na kumpeleka kwa Mzungu wa kampuni akachapwe. Mimi sikuyaelewa hayo. Nilijua ana baiskeli na kofia, na kwamba wenzangu waliniachia zamu ya kwanza katika kila mchezo. Nilidhani wananipenda.

Alipozeeka, kampuni ilimuaga kule Baraka, mbele ya ghala. Mama alivaa kikwembe kipya. Mzungu akamvisha baba saa ya mkono, akasema kwa sauti kubwa: "Kapita yangu iko muntu ya kweli! Hapana huruma muvivu. Hata ndugu yake mwenyewe alimuleta kwa fimbo!" Wakubwa wakapiga makofi. Nami nikapiga mpaka viganja vikaniuma. Baba alilia kwa furaha.

Tukarudi Lubondja, kijiji alikozaliwa baba, kukaa. Kwetu mwanaume hali peke yake. Kila mke hupeleka sahani yake lubunga, kibanda cha wanaume, na wote hula pamoja, mkono wa huyu katika chakula cha yule. Miaka yote ya kazi baba alikuwa akila kambini kwa kampuni, na sasa alikuwa na hamu moja tu, kukaa tena na wenzake. Mama alichinja kuku, akasonga ugali laini, nikaubeba mimi, na maji ya kunawa.

Niliweka sahani katikati. Wakanawa, wakaanza. Walikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya mke wa huyu, wakala samaki wa mke wa yule. Mikono ilipita juu ya kuku wetu bila kushuka. Baba aliwatazama, akasema, "Bandugu, mukule. Ile kazi ilikwisha. Mi nimerudi nyumbani."

Baba mkubwa, kaka yake wa tumbo moja, alijibu bila kugeuka: "Aksanti, Kapita. Njaa hatuna."

Na kinywa chake kilikuwa kimejaa.

Hakuna aliyemtukana. Kesho yake mama akapika tena, nikapeleka tena, nikarudi nayo nzima. Ukweli sijaona tena kitu cha kunikatisha tamaa kama ugali ule uliopoa mikononi mwangu. Mwisho baba akawa anakula jikoni, kwenye kigoda cha mama, ameuelekea ukuta. Alikula hivyo mpaka tulipomzika.

Juzi wajukuu walinipeleka Baraka, kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mmoja aliyestaafu. Kulikuwa na keki, muziki wa kutoboa masikio, na vijana wakisoma hotuba kwenye simu, mmoja akalisahau hata jina la anayeagwa. Wote walimsifu: mpole, mwenye huruma, mzazi wa kila mtoto. Mama mmoja kando yangu akaninong'oneza kwa heshima ya uzee wangu, "Koko, bale banadanganya. Huyu alikuwa anapiga batoto bibaya sana."

Nilicheka. Kisha nikashindwa kujizuia, nikalia mbele za watu, na wajukuu wakadhani nimeguswa na hotuba. Enzi zetu watu hawakujua kudanganya kwa utamu namna hiyo. Laiti mmoja wa wanaume wa lubunga angejua kudanganya hivyo siku ile, akamega tonge moja dogo kwenye sahani ya baba, hata kama angekwenda kulitema nje.