Msumari Tuliouita Mwenye Nyumba

Mbao ya libuyu, mti mgumu wa msituni, ikiungua kwenye meno ya msumeno hutoa harufu kali inayokaa kooni kama dawa. Ndivyo ulivyonuka ua wetu wa mtaani Cibitoke, msimu ule wa mvua baada ya Babu kufariki na kuwaachia wanawe, baba yangu na baba mdogo Hamisi, karakana moja na mashine moja: msumeno wa umeme wenye ukanda wa meno uliopiga kelele kutwa. Kwa ajili ya kukata duara, Babu alikuwa ametengeneza kibao cha kufunga kando ya msumeno, chenye msumari uliosimama ncha juu. Unachomeka katikati ya ubao kwenye ncha hiyo, unauzungusha polepole, na msumeno unakula ukingo. Msumari huo tuliuita mwenye nyumba, kwa sababu vingine vyote vilizunguka, wenyewe haukusogea.

Ramadhani ilipokaribia kwisha, ndugu hao wawili walianza kukata meza kubwa ya duara, ili nyumba zote mbili tule Idi pamoja kama enzi za Babu. Mimi na Mwajuma, binti wa baba mdogo, tulikuwa tumeshagawana pa kukaa. Ubao ulizunguka, moshi ukapanda, kisha kimya. Msumeno haukurudi pale ulipoanzia. Duara lilikataa kufunga, likaacha ngazi ya upana wa kidole, maana msumari haukuwa tena mstari mmoja na meno ya msumeno.

"We ndo umesogeza mwenye nyumba," Baba alisema.

"Mi?" baba mdogo akajibu. "Mukubwa, mi sikumugusa. Macho yako ndo imezeeka."

"Muzee aliniachia mi hii kazi!"

"Alikuachia kibao. Mashine naendesha mi. Leo tutajua mwenye nyumba ni nani."

Hakuna aliyecheka. Idi kila nyumba ilikula kwake, na baada ya siku chache baba mdogo alipakia mashine kwenye kamioneti, akahamia Ruziba na wanawe. Baba alikificha kibao. Kutengeneza kingine kungechukua asubuhi moja tu, na mashine za kukodi zilikuwepo mtaani, lakini hakuna aliyekata duara tena. Kila mmoja alisubiri mwenzake aje kuomba. Walisubiri hivyo mpaka wakazikwa.

Mimi nimezunguka Uvira, Kigoma, Lubumbashi, sikukaa popote. Mwezi uliopita nilirudi. Siku hizi vijana wa Cibitoke wanakata duara kwa mashine ndogo ya mkononi, huku wanapiga soga, na linafunga. Kibao cha Babu kinazuia mlango wa banda la kuku, msumari ungali umesimama, umejaa kutu. Nikampigia Mwajuma simu nimweleze.

"Kumbe ndo unakuja kuomba mashine," akasema.

"Apana," nikamjibu, nikakata.