Virginia iliyonipatia mume: kwa kijana aliyeuliza ipi haisumbui kuandaa

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mmebaki. Wengine wote marahaba, hata kabla hamjaniamkia.

Juzi kuna kijana kauliza humu: kanunua kiko, sasa achukue tumbaku gani ya Virginia ambayo haitamsumbua kuiandaa. Mkamjibu kwa mbwembwe nyingi, na nusu yenu najua kiko mmekiona kwenye picha tu.

Mimi sijawahi kuvuta, na simshawishi mtu avute. Ila tumbaku hiyo ndiyo iliyonipatia mume, kwa hiyo nina haki ya kuchangia. Nitakayosema ni ya kweli tupu. Mashahidi wengi wametangulia, lakini mimi nipo na akili yangu ninayo.

Twendeni taratibu, naandika kwa kidole kimoja.

Ni miaka ya hamsini, Mabawa, hapa Tanga. Baba yangu alikuwa Msambaa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Alifanya kazi mashamba ya mkonge mpaka korona, ile mashine ya kukwangua majani yabaki nyuzi, ilipomla vidole vya mkono wa kulia. Akabaki na gumba na kile cha mwisho.

Mama alipokuwa hai, yeye ndiye aliyemchambulia tumbaku. Mama alipofariki, baba akakataa mtu mwingine asiiguse. Nikisogea ananiambia, "Acha, Eliza. Sijawa mtoto mchanga."

Basi anahangaika mwenyewe, nusu inaingia kwenye kiko, nusu inabaki mapajani. Nilikuwa naumia kumwangalia, lakini utamwambia nini.

Sasa sikilizeni kanuni yake. Mgeni mwenye neno zito anakuja na tumbaku. Baba anaijaza mbele yake, anawasha, ndipo maneno yanaanza. Kiko kikizimika, maneno yamekwisha. Anasimama na kusema, "Haya, tumeagana."

Majirani walishamzoea. Mtu akija kuazima jembe alikuwa anaongea mbiombio utadhani anafukuzwa.

Ndipo akatokea Elia.

Elia alikuwa anafanya kazi kule Amani, kwenye vitalu vya miti. Tulifahamiana kanisani, sikukuu ya mavuno. Mrefu, mpole, kila mche anaujua jina, lakini mambo ya nyumbani sifuri. Nilimpenda. Naandika wazi, maana shangazi wa kunisema hayupo tena.

Na huyo shangazi ndiye alikuwa ameshaniandalia mtu wake wa Korogwe, mwanaume aliyefiwa na mke, mwenye lori na watoto rika langu. Posa ya Elia ikianguka, mimi ninapanda lori. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Elia akaja na mshenga wake, mzee wa kanisa aliyeipenda sauti yake mwenyewe. Baba alivuta Virginia tu, tumbaku nyingine ilikuwa inamkohoza, na hilo nilikuwa nimemwambia Elia. Kweli akaleta Virginia. Lakini ya bonge, gumu kama sabuni ya kufulia, ile ya kukata kwa kisu kidogo kidogo.

Jamani. Mtu hana vidole, wewe unamletea kazi ya kisu.

Baba akaligeuza lile bonge, akasema asante, akaliweka dirishani. Kiko hakikuwashwa, kwa hiyo hapakuwa na maneno. Wakanywa chai wakaondoka, mshenga bado anasafisha koo.

Safari ya pili Elia alijiona amejifunza. Akanunua ile ya vipande bapa vilivyopangwa kwenye kopo. Hiyo si mbaya, unaifikicha tu viganjani. Tatizo alikaa nayo Amani, kopo wazi, eti ipate hewa.

Mnaoifahamu Amani mmeshaanza kucheka. Hewa ya kule ni maji. Shati linafuliwa leo, linavaliwa bichi kesho kutwa.

Tumbaku ikafika imelowa. Baba akaifikicha kwa taabu na vile vidole viwili, akajaza, akawasha. Ikatoa moshi mzito, ikamchoma ulimi, ikafa. Akawasha tena. Mshenga wakati huo alikuwa anasimulia ukoo, yuko kwa babu yake Elia, kumfikia Elia mwenyewe bado sana. Ikafa tena.

Baba akasimama. "Mkija tena kiko kikazimika, msijichoshe miguu kurudi."

Usingizi uliniisha. Nikaona nikimwachia Elia, nitaamkia Korogwe.

Nikaenda dukani mwenyewe, kwa Mhindi mmoja pale mjini. Akanishangaa. "Baba siku hizi anatuma wewe tumbaku?"

Nikamwambia, "Nani kakuambia ni ya baba?"

Akanifungulia makopo. Bonge nikalipita. Bapa nikaipita. Nikachukua iliyokwisha kuchambuliwa kiwandani, ya manjano, nyepesi, inanukia majani makavu. Nikaibana kwa vidole na kuiachia. Ikishikamana, mbichi. Ikisagika unga, imekauka mno. Hii ilifunguka yenyewe polepole. Kijana, hapo ndipo jibu lako lilipo.

Baba alipokwenda kikao cha kanisa, nikaitandaza kwenye ungo kivulini, kidogo tu. Halafu nikazikatakata nyuzi ndefu ziwe fupi, kama alivyokuwa akifanya mama, maana vidole viwili haviwezi kukunja uzi mrefu. Nikarudisha koponi, nikampa Elia. "Usiifungue. Na Amani usiipeleke hata kwa ndoto."

Siku ya posa nilijibanza nyuma ya mlango.

Baba akafungua kopo. Akachota kidogo. Akatulia, akawa anaiangalia tu ile tumbaku mkononi, mpaka mshenga akaanza kujikuna. Kisha akajaza. Mapajani haikudondoka hata chembe.

Akawasha. Mshenga akaanzia kwa baba wa babu. Nusura nitoke nimpige mwiko. Moshi unapanda. Akafika kwa Elia, moshi unapanda. Akafika kwangu, moshi bado upo.

Baba akasema, "Nimekubali. Sharti ni moja. Tumbaku iendelee kuja ikiwa hivi hivi."

Elia, maskini, akajibu haraka, "Nitaleta, mzee. Duka nalijua."

Baba akageukia mlango niliojificha. "Hulijui. Duka hilo nimelizaa mimi. Eliza, toka huko ulete chai."

Nilipoleta chai macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi. Toka siku hiyo nilimchambulia mimi, hata baada ya kuolewa, na hakuniambia tena niache.

Elia naye, mpaka anafariki, alikuwa anawasimulia watu jinsi anavyojua kuchagua tumbaku. Nilimwachia.

Kwa hiyo kijana: chukua iliyochambuliwa tayari, ibane, iachie, ianike kivulini kidogo. Na kama nyumbani yupo anayetaka kukusaidia, mpe nafasi.

Mwenye swali aulize, mwenye yake alete. Ila wale mliomshauri bonge, niamkieni kwanza.